Mwaka wa Pine ya Nyuma

Tulimzika Bulambo siku ya Alhamisi. Ijumaa mchana nilikuwa ningali kwake Bagira, nimekalia kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliofungwa waya, nakula maharagi ya kilio kwa bidii ya mtu aliyeajiriwa kuyamaliza. Nyumba ya Bulambo ni ndogo. Ukipiga chafya sebuleni, jirani wa tatu anakuambia pole. Nje, chini ya turubai, wanaume walikuwa wanacheza karata na kubishana juu ya mvua, na wanawake walikuwa wanasonga bugali ndani ya sufuria ambayo ndama angeoga humo bila kukunja miguu. Mimi nilikaa ndani kwa sababu moshi haunipendi siku hizi. Kwa hiyo nilikuwa peke yangu na ukuta. Ukutani kulikuwa na picha ya ndoa, ambamo Bulambo ana nywele na mimi, msimamizi wake, nina kiuno. Kulikuwa na kalenda ya mwaka uliokwisha kusahauliwa. Na kulikuwa na pine ya baiskeli, imening'inia kwenye msumari, nyeusi, haina vumbi hata chembe. Mtu alikuwa akiipangusa. Nilisimama nikaigusa. Vile vinywele vya mpira vinavyoota juu ya pine mpya na kukatika wiki ya kwanza barabarani, bado vilikuwepo, vinachoma kidole kama ndevu za asubuhi.

Pine ndilo jina letu la tairi huku Bukavu, kama vile baiskeli kwetu ni kinga. Sitaanza na mahali nilipozaliwa wala ng'ombe wa babu yangu. Wazee wa huku wakipewa kalamu huanza na ng'ombe, na kabla hujafika kwenye jambo lenyewe umeshachunga zizi zima. Mimi ni mtu wa masomo ya jioni. Diplome yangu niliipata nikiwa na umri wa kumzidi mwalimu wa jiografia, nikikalia benchi la watoto, magoti yakigusa masikio. Pale nilifundishwa kujibu swali lililoulizwa na kuacha mengine. Swali lililoulizwa na ule ukuta ni la mwaka mmoja tu, mwaka ambao Bulambo na mimi tulichagua pine ya nyuma.

Tulikuwa tunakaa Nguba, ndani ya boyerie, kile chumba cha wafanyakazi kinachojengwa nyuma ya nyumba kubwa ili kisitokee kwenye picha. Bulambo alikuwa mtu wa bustani. Mimi nilikuwa sentineli wa mchana: kufungua lango mara mbili, kulifunga mara mbili, na katikati kusoma daftari langu huku nimeshika fimbo ya kutisha mbuzi. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, meza moja ambayo mguu wake mfupi uliwekewa kamusi ya Kifaransa, pasi ya makaa, na dirisha lenye ukubwa wa daftari. Kupitia dirisha lile ziwa lote la Kivu lilikuwa letu bure. Nadhani hakuna tajiri yeyote duniani mwenye maji mengi vile mbele ya kitanda chake. Saa kumi na moja nilinyoosha shati langu jeupe, nikaenda shule. Nikirudi nilikuta Bulambo amenifunikia sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga na bonge la bugali, na juu ya sahani ameweka jiwe, kwa sababu panya wa Nguba, nawaambieni ukweli, walikuwa wanafungua hata masanduku.

Baiskeli aliiacha mzungu aliyekuwa akipanga ile nyumba kubwa, mtu wa mradi wa maji. Aliondoka ghafla na sanduku moja, na funguo za banda akampa Bulambo. Ndani ya banda tukakuta VTT, ile baiskeli ya milima, nyekundu, na giya nyingi kuliko miezi ya mwaka. Bukavu si mji wa baiskeli. Mungu alikuwa anaukunja auweke mfukoni, akaitwa mahali, akasahau kuukunjua. Kwa hiyo huku kinga inapanda mgongo wa mwenyewe mara nyingi kuliko mwenyewe anavyoipanda. Lakini mzungu yule alikuwa akiteremka nayo hadi ziwani huku amefunga breki ya nyuma, akiburuza gurudumu juu ya mawe kwa furaha ya mtoto. Ndiyo maana pine ya mbele ilikuwa nzima, nene, ya Ulaya, na ile ya nyuma ilikuwa imelika mpaka nyuzi, na ubavuni ina mpasuko wa urefu wa kidole changu cha kati. Miezi minne kinga ilikaa tu ukutani. Bulambo alikuwa anaifuta Jumapili baada ya misa, na mimi nilikuwa namwambia atafute mwanamke aifute hiyo akili.

Halafu akaja mama mmoja muuza mawese kutoka Bunyakiri. Nilikuwa napiga pasi, na ukuta wa boyerie ulikuwa wa mbao. Kila neno la nje liliingia bila kubisha hodi.

"Maman yako iko," alisema yule mama. "Lakini iko peke yake."

"Na batu ba pale?" Ilikuwa sauti ya Bulambo.

"Balishatoka bote. Wenye bunduki balipita mara mbili, sasa kijiji kizima balikimbia. Yeye alibaki na kuku moja. Muguu imevimba sawa mutungi, hawezi kutembea hata kufika ku mutoni."

"Alisema nini?"

"Alisema uendelee na kazi yako. Alisema yeye haiko muzigo ya mutu. Halafu akanipatia hii nikuletee."

Bulambo aliingia ameshika chupa ya mawese iliyozibwa kwa kigunzi cha hindi. Aliiweka mezani, juu ya daftari langu la fizikia, na mpaka leo ukurasa ule una duara la rangi ya machungwa. Jioni ile sikuenda shule. Tulipika maharagi, tukayatia mawese ya Maman Feza, mama yake, tukala. Mwisho akasema, "Nitaenda kumutosha kule," yaani kumtoa, kumleta mjini. Nikamuuliza kwa nini. Nilimaanisha kwa chombo gani. Magari hayakuwa yanapita tena kule mwaka ule, madaraja yalikuwa yamekatika, na pikipiki zilikuwa zikinyang'anywa pamoja na viatu vya dereva. Kilichokuwa kikipita ni miguu na kinga. Aligeuka akatazama banda.

Nikikumbuka sasa, naona tulikuwa na mambo elfu ya kuchagua na hakuna hata moja lililokuwa mikononi mwetu. Hatukuchagua barabara, ilikuwa moja. Siku hatukuichagua, maana bosi mpya aliyeingia ile nyumba ya Nguba alitupa siku nne na akasema ya tano tusirudi. Wenye bunduki wawe wapi na waende wapi, nani angetuuliza? Kilichobaki ni pine. Tulikuwa na uwezo wa pine moja. Basi tukaichagua kama watu wanaochagua mke wa mfalme, wiki mbili nzima, na sijui kama tulikuwa tunatafuta mpira au tunaahirisha safari. Bulambo alikuwa akiamka ananiuliza juu ya pine kabla ya kuniamkia. Nilishakuwa mtaalamu, kila muuza vipuri wa soko la Kadutu alikuwa akiniona kwa mbali anaficha kiti chake, kwa kuwa nikikaa sisimami.

Mwenye pine nzuri alikuwa Papa Saidi, mzee wa kutoka familia za wafanyabiashara wa Uvira, mwenye kofia nyeupe na adabu za zamani. Alikuwa anazitundika juu ya mti mrefu kama mwanamke anayeanika nguo, na alikuwa na namna yake: pine anaikunja, anainusa, halafu anaipiga kwa ukucha karibu na sikio. Pine iliyokaa dukani miaka mingi, alisema, inalia kavu. Alitutolea tatu. Ya kwanza ilikuwa laini, ya mjini, mistari myembamba. "Hii iko ya mutu wa ofisi," alisema, "anatoka kwake anaenda kunywa chai." Ya pili ilikuwa na meno madogo, mengi, yamekaribiana. Nilibonyeza udongo kati ya meno yake nikaona umebaki mle mle, haudondoki; kwenye matope ya porini ingevaa buti la udongo na kuteleza kama sabuni. Ya tatu alituonyesha baada ya kutazama kushoto na kulia, kana kwamba ni dhahabu ya Shabunda. Vingt-six, deux point un, ndivyo vipimo vyake. Ubavu mgumu, meno makubwa yaliyoachana, na mshale mdogo ubavuni.

"Huu mushale unaonyesha upande, fasi pine inazungukia," alisema Papa Saidi. "Batu bengi banaweka vile mushale unasema. Lakini kama unapanda mulima na muzigo, nyuma unaigeuza. Meno inauma udongo, inakusukuma. Muko munabeba nini?"

"Maman yangu," alisema Bulambo.

Papa Saidi aliacha kuikunja. "Kilo ngapi?"

"Papa, maman haiko muhogo," alisema Bulambo, na sote tulicheka, na mzee akasema basi ni hii, hakuna nyingine katika Kivu nzima.

Uwezo wetu haukufika kwenye pine ile. Ulifika kwenye ile ya mtu wa ofisi. Papa Saidi alitutazama, akaitazama kinga yetu, akainama akabonyeza pine ya mbele kwa kidole gumba. Akasema tumwachie hiyo ya mbele, ya Ulaya, juu ya kile tulichonacho, naye atatupa ile yenye meno.

"Na mbele niweke nini?" aliuliza Bulambo.

"Ile yako ya nyuma. Fundi ataishona."

Kushona pine si ajabu huku. Fundi anachukua uzi wa wavuvi na sindano nene, anafunga mpasuko kama daktari, ndani anaweka kipande cha pine nyingine ili uzi usikate mpira wa hewa. Nusu ya kinga za jimbo zima zinatembea zimeshonwa. Lakini Bulambo hakutaka. Alishika pine ya Ulaya kwa mikono miwili akasimama hivyo, mtu mrefu kuliko mlingoti, anaitazama. "Mugisho," aliniambia, "unaona je?"

Aliniuliza mimi. Na mimi, siku tatu kabla, nilikuwa nimefundishwa levier, wenzo kwa Kiswahili cha vitabuni. Niliomba chaki ya Papa Saidi, nikapiga magoti mbele ya watu, nikachora kinga juu ya saruji, nikachora mzigo juu ya portbagaji, kile kibebeo cha nyuma, nikachora mishale. Nilieleza kwa Kifaransa, nikaeleza kwa Kiswahili, na kama mbwa angepita ningemweleza na yeye. Watu walisimama. Muuza nyanya aliacha nyanya zake. Nikaonyesha kwamba uzito wote unashuka nyuma, wote, na kwamba gurudumu la mbele ni la kuonyesha njia tu, kama kijana wa misa anayetangulia na msalaba. "Ya mbele haibebi kitu," nilisema.

"Amesoma huyu," alisema muuza nyanya.

"Ya mbele haibebi kitu," alisema Papa Saidi, akiitundika pine yetu ya Ulaya juu ya mti wake.

Bulambo alitabasamu. Aliniamini. Alikuwa na darasa nne tu za shule ya msingi, na siku zile alikuwa akiwaambia watu wa Nguba kwamba anakaa chumba kimoja na injinia.

Tulitoka Jumatatu alfajiri. Sitawachosha na kwenda. Tulipita Kavumu, tukapita Miti, tukaingia ule msitu mkubwa ambao sokwe wake, mimi naapa, walitusalimia kwa majina, na pale kwenye mpando pine ya nyuma ilifanya yote iliyoahidi. Iliuma udongo. Kwenye matope ambako wengine walikuwa wamebeba kinga begani, yetu ilikuwa inapanda na sauti ya mbuzi anayetafuna. Bulambo alikuwa anainama kila kilima kuitazama. "Ona meno," alikuwa anasema. "Mugisho, ona meno." Tulilala Bunyakiri kwa mtu wa kanisa, na asubuhi tukapanda kwa miguu hadi kijijini, tukisukuma.

Kijiji kilikuwa na milango iliyofungwa kwa kamba za migomba, kana kwamba kamba ya mgomba inazuia mtu. Kwenye nyumba moja moshi ulikuwa unatoka. Maman Feza alikuwa ameketi juu ya kinu kilichogeuzwa, mguu mmoja juu ya kigoda, anachambua sombe, majani ya muhogo, na kuku wake yuko chini ya kigoda. Hakusimama, hakulia. Alimtazama mwanawe tangu utosini hadi viatuni.

"Ulikonda," alisema. "Bosi yako hana jikoni?"

"Maman, tumekuja kukutosha."

"Na huyu wa shati jeupe ni nani? Padri?"

"Ni Mugisho. Anasoma."

"Ah. Basi akae asichafuke."

Alitulisha. Alikuwa na mihogo, sombe na mawese, na chumvi ya mwisho iliyokuwa ndani ya karatasi aliikung'uta yote chunguni akakunja karatasi vizuri akaiweka pale pale ilipokuwa, kama mtu atakayerudi. Tulipokuwa tunakula aliuliza maswali juu ya chumba chetu. Alitaka kujua kama kweli mtu anaona ziwa akiwa amelala. Bulambo alisema kweli. Aliuliza kama ziwa linapiga kelele. Bulambo alisema kidogo. Akasema hapo hatalala, lakini atazoea. Nilimwona anafurahi. Alikuwa ameshatuchekea mara kumi na anaendelea, na mguu wake ulikuwa umevimba na kung'aa kiasi kwamba niliogopa kuutazama.

Asubuhi tulimfunga juu ya portbagaji na pagne mbili, vitenge vyake, kuku mapajani. Alitaka kwanza kuizunguka kinga. Alishika bega langu, akazunguka kwa mguu mmoja, akakagua kama askari wa mpakani. Nyuma akasifu. Mbele akasimama, akaweka kidole juu ya mshono.

"Hii imeshonwa sawa kanzu yangu ya kazi."

"Ya mbele haibebi kitu, Maman," nilisema.

"Aah? Lakini hiyo njo inaenda ya kwanza."

Tukacheka, mimi zaidi ya wote.

Siku mbili tulirudi hivyo. Kwenye kupanda, Bulambo anashika usukani na mimi nasukuma nyuma. Kwenye kushuka yeye alikaa kitini, na mimi, maana breki za mzungu zilikuwa zimebaki jina, nilifunga kamba kwenye portbagaji nikawa breki mimi mwenyewe: narudisha mgongo, visigino chini, nashikilia. Maman Feza aliimba, aligombana na kuku, aliniuliza kama shuleni wanafundisha kuvuta kamba. Kila mteremko mkali tulimshusha, na kila tulipomshusha mguu ulimuuma hadi jasho linamtoka puani. Siku ya pili alasiri tulitoka msituni. Chini yetu yalikuwa mashamba ya chai ya Miti, na mbali kabisa, mstari mweupe.

"Njo ile?" aliuliza.

"Njo ile, Maman. Ziwa."

Mvua ilikuwa imekatika punde tu. Bulambo alisimamisha kinga akasema ashuke, huu ni mteremko mbaya. Mama akasema, "Musinishushe tena. Muguu inalia. Tushuke tu polepole, nikiangalia maji." Bulambo aligeuka akanitazama mimi. Na mimi nikaitazama pine ya nyuma. Meno yake yalikuwa yamejaa udongo mwekundu na yameshika barabara kama vidole. Nikasema itashika.

Hapa sizidishi kitu. Ilishika. Kamba nayo ilishika, mikono yangu ina alama mpaka leo. Tulifika katikati ya mteremko, pale barabara inapokata kona juu ya mtaro wa mawe, na mshono wa mbele ukafunguka. Ulitoa mlio mdogo, kama mtu aliyepasua mfuko wa karatasi, na gurudumu la mbele likakwama. Kama pine ya nyuma ingeteleza, tungeanguka ubavu, kama wanavyoanguka watu wote. Haikuteleza. Ilibaki imeuma udongo, na kila kilichokuwa juu yake kilikwenda mbele. Bulambo alipita juu ya usukani akaangukia matopeni. Mama yake alipita juu ya Bulambo akaangukia mtaroni, kwenye mawe. Pagne zilikatika. Nilibaki nimesimama, nimeshika kamba, na kinga mwisho wa kamba.

Wachuma chai walitusaidia. Lori la majani lilitufikisha mjini. Hospitalini wakamtazama, wakasema ameumia ndani, wakamfunga kichwa, wakasema tumpumzishe, na yeye akasema anataka chumba. Basi tulimlaza kwenye kitanda changu, kile cha dirishani. Aliishi humo usiku mmoja na asubuhi yake. Aliuliza kuku yuko wapi. Alikuwa amekimbilia ndani ya chai, hatukumwona tena. Bulambo alimwambia yuko bandani. Nilimpikia uji. Alikunywa vijiko vitatu kwa ajili yangu, si kwa ajili ya njaa. Aligeuza shingo kwenye dirisha kwa muda mrefu, na mwisho akasema, "Haipigi kelele." Saa nne akatutoka. Ilikuwa siku ya tano. Kazi tuliipoteza sote wawili.

Kinga Bulambo aliiacha kule kule Miti, kwa wachuma chai. Lakini kabla ya kuiacha alifungua gurudumu la nyuma, akavua pine, akaivaa begani, akapanda nayo lorini, kando ya mama yake. Sikumuuliza. Ile ya mbele sikuiona tena, na sikuitafuta.

Wiki mbili baadaye nilirudi shuleni, kwa kuwa sikujua mahali pengine pa kwenda saa kumi na moja. Mwalimu wa fizikia alikuwa amemaliza levier. Alichora gari ubaoni. Gari hili linashuka, alisema, dereva anafunga breki ghafla; niambieni, uzito unaenda wapi? Nilijiona nimenyoosha mkono.

"Mbele," nilisema.

"Très bien, Mugisho."

Swali lile lile lilitoka kwenye mtihani wa mwisho. Nililijibu ukurasa mzima, na mchoro, na mishale. Diplome yangu iko sebuleni kwangu ndani ya kioo, na wageni wakija nawaambia kwamba waziri alilia alipoisaini. Wanacheka. Ni vizuri wacheke.

Juu ya pine ya mbele Bulambo hakuwahi kuniambia neno moja, miaka yote hii. Nilikuwa msimamizi wa ndoa yake. Nilibeba watoto wake wakibatizwa. Tulikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, pamoja mara nyingi kiasi kwamba migomba ilituogopa, na kila mara nilingoja, na kila mara alisema habari nyingine. Kuna wakati niliamini hakuelewa: darasa nne za msingi. Kuna wakati niliamini alielewa yote tangu pale kwenye saruji ya Papa Saidi, alipoishika ile ya Ulaya kwa mikono miwili. Sukari ilipomkata mguu wa kwanza nilikwenda nimejiandaa kusema. Alinipokea kwa kicheko, akasema sasa amebaki na gurudumu moja, nikacheka naye, nikarudi nyumbani na maneno yangu mdomoni.

Ijumaa ile ya kilio Riziki, binti yake mkubwa, aliingia sebuleni akanikuta nimeshika ile pine ukutani. Ana mikono ya bibi yake.

"Tonton Mugisho, shusha tu," aliniambia. "Papa alisema ni yako. Alisema akienda, tukupatie."

"Alisema nini tena?"

"Eh, alikuwa anatusimulia kila mara. Ati wewe njo ulichagua, mu soko muzima, na chaki. Ati hakuna pine ilishachaguliwa vile mu Bukavu. Ilienda mpaka Bunyakiri na kurudi, haikupasuka." Alichukua kitambaa begani akaipangusa mahali nilipogusa. "Alikuwa anatukataza kuicheza. Alisema ile pine haina kosa."

Nilisema aksanti. Nilikuwa na sekunde moja ya kumwambia, pale pale, na nje kuna mtu aliita maji, naye Riziki akaenda.

Niliivaa begani kama Bulambo alivyoivaa, nikatoka, nikawaaga wacheza karata, nikaanza kupanda ile barabara ya Bagira kuelekea kituo cha basi. Nina miaka mingi na pine si nzito, lakini nilipumzika kila baada ya nyumba tatu. Juu, kando ya barabara, mzee mmoja fundi wa kinga alikuwa ameketi kwenye kibao, beseni la maji mbele yake, anatafuta tundu kwenye mpira. Aliinua macho, akaona pine, akasahau tundu.

"Papa, leta nione." Aliichukua, akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya meno. "Hii ni ya zamani. Ya sasa habatengenezi tena hivi. Na ni mupya. Unaenda kuifunga?"

Sijamiliki kinga tangu mwaka ule. "Ndiyo," nilisema.

"Nyuma?"

"Mbele."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni. Halafu akanirudishia, polepole, kwa huruma ya fundi kwa mtu asiyejua.

"Unaharibu mali, muzee," alisema. "Weka nyuma. Ya mbele haibebi kitu."